Jiko la Chaki la Enos Khaemba

Jumamosi, tarehe 14 Julai 1973, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umelala juu ya ziwa, hakuna upepo, na taa za bandari ya Kisumu zinaonekana kwa mbali kama makaa yaliyosahauliwa kwenye majivu.

Ndani ya meli inayorudi kutoka Homa Bay, Enos Khaemba anapanga vikombe katika sebule ya daraja la kwanza. Vikombe ni kumi na viwili. Abiria walioamka ni wawili. Anawamiminia chai, anawasogezea sukari, anarudi nyuma hatua tatu na kusimama ukutani. Baada ya dakika moja hakuna anayekumbuka kwamba yupo.

"Hiyo ndiyo kazi," anasema baadaye, akikung'uta kitambaa chake cheupe. "Mtumishi wa mezani haonekani. Ukionekana, ujue kuna kitu umemwaga."

Kutoka jikoni, chini ya ngazi, harufu ya mkate unaoiva inapanda polepole. Khaemba anafumba macho. Kwa muda huo mfupi hayuko melini. Yuko Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi ulio kusini mwa mji, ndani ya chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Wavuvi wanavuta mashua zao nchi kavu, wamelowa hadi kiunoni, na harufu hiyo hiyo inawafuata majini na kuwaita kwa majina.

Chumba hicho kipo. Khaemba amekikodi kwa miaka mitatu kutoka kwa binamu ya mkewe. Ndani hamna meza wala kiti. Kuna mstari wa chaki tu sakafuni, wenye pembe nne, karibu na ukuta wa nyuma. Huo ni mchoro wa jiko la chuma lenye oveni, ambalo bado hana. Mkewe anapofagia, hufagia kuuzunguka.

"Watu wakichungulia hudhani tumechora kaburi," anasema mkewe, Lornah Awuor. "Mimi huwaambia, ngojeni, huyu maiti siku moja atatoa moshi."

Khaemba ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa karibu na Kimilili, akaja Kisumu mwaka 1951 kutafuta kazi, akaajiriwa melini kuosha sahani. Mwaka 1958 alipandishwa kuhudumu mezani. Mshahara wake sasa ni shilingi mia mbili na sabini kwa mwezi. Jiko jipya la aina anayoitaka linauzwa shilingi mia tisa. Ana kodi ya nyumba ya halmashauri mtaani Kaloleni na karo ya binti yake, Selpha. Kila alipoweka akiba, karo iliifikia kwanza.

Mwezi Mei mwaka huu wafanyakazi wa meli waliambiwa kwamba sebule ya daraja la kwanza itafungwa ifikapo tarehe 31 Desemba. Nafasi yake itajazwa mizigo. Khaemba alipewa hiari ya kubeba magunia au kustaafu.

"Mgongo wangu umezoea sinia," anasema. "Gunia ni lugha nyingine."

Basi ana miezi mitano na nusu. Na leo, saa nane mchana, katika ukumbi wa Kaloleni, kuna mashindano ya poka ya wafanyakazi wa bandari na mtaa. Zawadi ni moja tu. Mwenye hoteli mmoja mjini alifunga biashara yake na kuacha jiko la chuma lenye oveni, akisema atakayelishinda alichukue.

*

Poka si mchezo wa kanisani, na Khaemba ni mshiriki wa kanisa. Kamati ya mtaa ilitatua jambo hilo kwa kanuni mbili. Hakuna fedha mezani. Kila mchezaji huingia na kilo mbili za sukari kwa ajili ya shule ya chekechea, naye hupewa vizibo mia vya soda. Vizibo vikimwishia, anainuka. Anayebaki peke yake ndiye mshindi.

Sheria za mchezo wenyewe ni nyepesi. Kila mtu hutanguliza kizibo kimoja, kisha hugawiwa karata tano. Anayependa huweka dau. Wengine hulifuata, hulipandisha, au hutupa karata. Baada ya hapo kila aliyebaki hubadilisha karata asizozitaka. Dau huwekwa mara ya pili. Halafu karata hufunuliwa.

Khaemba alijifunza kwa kutazama. Katika miaka ya sitini, wanunuzi wa pamba na wafanyabiashara walipitisha safari zao wakicheza poka sebuleni. Yeye alisimama nyuma ya mabega yao na sinia. Aliona karata za kila mtu, na ilimbidi asipepese jicho.

"Nimeona wafalme wanne mkononi mwa bwana mmoja nikamwuliza kama anataka barafu," anasema. "Uso wangu haukusema kitu. Uso wangu ni mzuri kwa poka kuliko uso wowote hapa Kisumu."

Tatizo halikuwa uso.

Mwaka jana zawadi ilikuwa baiskeli, naye alipanga kuiuza na kuongezea akiba yake anunue jiko. Mapema tu alipata ree tatu, karata zenye nguvu kuliko zote alizowahi kushika. Akafanya alivyozoea kufanya kwa miaka kumi na minne. Akanyamaza. Hakuweka dau. Alitaka kuwavizia mwishoni. Opiyo, fundi wa boila, alikuwa na karata mbovu ambazo angezitupa kwa dau la vizibo vitano tu. Kwa kuwa hakuombwa chochote, Opiyo alibadilisha karata nne bure, na zikamwingia tano zinazofuatana kwa mpangilio. Ree tatu zikazama.

Opiyo alishinda baiskeli. Tangu hapo hupita mbele ya nyumba ya Khaemba kila asubuhi, akipiga kengele.

"Mara mbili," anasema Khaemba. "Anapiga mara mbili. Nimehesabu."

Siku ya Pasaka kulikuwa na mashindano madogo. Safari hii Khaemba aliamua kutonyamaza. Alipopata wafalme watatu alisukuma vizibo vyake vyote mia katikati ya meza kwa mkupuo. Wenzake watano walitazamana, wakatupa karata. Alivuna vizibo vitano vya kutanguliza. Baada ya hapo hakuona tena karata nzuri, na vizibo vikamwishia kimoja kimoja, kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

Jioni hiyo alimsimulia mkewe. Awuor alikuwa akipaa ngege, samaki wa ziwani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Selpha," alisema, "hebu nikuulize. Wewe unauza au unaficha?"

"Sielewi."

"Mara ya kwanza umefunika ngege na gunia mpaka jioni, akaoza. Mara ya pili umemwita mnunuzi ukamwambia ngege mmoja shilingi mia. Sasa ulitaka watu wafanye nini?"

*

Awuor huuza samaki Dunga. Yeye ni mwenyeji wa Asembo, na ameifanya kazi hiyo tangu akiwa msichana. Jumatatu iliyofuata Pasaka, Khaemba akiwa na mapumziko, Awuor alimchukua ufuoni akamkalisha kwenye ukingo wa mashua iliyopinduliwa.

"Usiseme kitu," alimwambia. "Hiyo unaijua. Tazama tu."

Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa siku hiyo. Mashua zilitokea ndani ya ukungu bila sauti, kana kwamba zilikuwa zikichorwa hapo hapo. Awuor alipokea ngege wake, akawapanga juu ya magugu mabichi, na mnunuzi wa kwanza aliposimama akamtajia bei kabla hajauliza.

"Shilingi nne, huyu mkubwa."

"Nne?" Mnunuzi alikuwa mama mwenye hoteli sokoni Kibuye. "Mama, kwani huyu samaki amesoma chuo?"

"Hajasoma. Lakini ameamka mapema kukushinda."

"Shilingi mbili."

"Mbili ni ya mkia. Nikukatie mkia?"

Yule mama alilalamika. Alisema jicho la samaki lina ukungu. Alisema magamba yamelegea. Alisema Dunga nzima imekuwa ya wezi. Kisha akalipa shilingi tatu na nusu.

Mwingine alikuja, akatazama, akauliza bei, akanyamaza, akaenda zake. Awuor hakumwita.

"Umeona?" alimwuliza mumewe walipobaki wawili. "Bei nzuri ni ile inayomfanya mtu alalamike, lakini asiondoke. Ukitaja ndogo, umejiibia. Ukitaja kubwa mno, unabaki na samaki wako. Na uitaje asubuhi, samaki akiwa na nguvu. Kila saa inayopita ni ya mnunuzi, si yako."

"Na yule aliyenyamaza?"

"Huyo hanunui, au ana samaki mzuri kuliko wako nyumbani kwake. Usihangaike naye. Anayemkashifu samaki ndiye anayeondoka naye."

Khaemba anasema hapo ndipo alipouona mchezo kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameutazama miaka yote hiyo. Ukiwa na karata zenye nguvu kabla ya kubadilisha, wewe ndiwe mwenye samaki wa asubuhi. Kila karata mpya anayoipata mwenzako inapunguza thamani ya zako. Kwa hiyo mtoze ada ya kuzitafuta. Isiwe kubwa akakimbia. Isiwe bure akakupiku. Na baada ya kubadilisha, ukiamini bado uko mbele, taja bei tena.

Miezi miwili alifanya mazoezi melini, wakati sebule ikiwa tupu. Aligawa karata kwa viti vitupu vitano, akataja dau kwa sauti, akavisikiliza viti vikilalamika. Mpishi wa meli alimsikia siku moja kutoka chini ya ngazi.

"Bwana Khaemba, uko na nani huko?"

"Wateja," alijibu.

*

Saa nane mchana ukungu umekwisha. Jua ni kali, ziwa linang'aa kati ya mapaa ya Kaloleni, na jiko limewekwa juu ya jukwaa la ukumbi, jeusi, lenye miguu minne na mlango wa oveni wenye mpini wa shaba. Khaemba amevaa shati jeupe la kazini. Analitazama jiko mara moja tu.

Wachezaji ni sita. Mgawaji ni Walubengo, seremala wa mtaa, ambaye hachezi kwa kuwa aliapa mbele ya mchungaji, lakini hakuapa kutogawa. Mwenye maneno mengi kuliko wote ni Ogola, mwendeshaji wa kreni bandarini.

"Nikishinda, Jumatatu jiko linaenda Kibuye kwa wauza vyuma," Ogola anatangaza akiketi. "Mimi sitaki kupika. Nina bibi na ana mikono miwili."

"Yeye anajua kama una mdomo mmoja?" anauliza Awuor kutoka dirishani, na wanawake waliosimama naye wanacheka.

Katika saa ya kwanza Khaemba anacheza kidogo. Karata mbovu anazitupa mapema. Anapopata jozi mbili nzuri anaweka vizibo kumi na viwili, na Opiyo anafuata huku akinung'unika. Khaemba anavivuna. Anapopata karata tano za shupaza anaweka kumi na tano, kisha ishirini na tano. Wawili wanafuata mpaka mwisho.

"Huyu mzee amebadilika," Opiyo anasema, akihesabu vizibo vyake vilivyobaki. "Zamani alikuwa kama maji ya mtungi. Sasa anatoza."

"Piga kengele basi," anasema Khaemba. Ni mara ya kwanza watu wa ukumbi huo kumsikia akitania.

Saa kumi kasoro robo wamebaki wawili. Khaemba ana vizibo mia tatu na kumi. Ogola ana mia mbili na tisini. Watu wamepanda juu ya mabenchi.

Walubengo anagawa. Khaemba anainua karata zake moja baada ya nyingine. Malkia. Malkia. Nne. Ree. Malkia.

Anasema baadaye kwamba wakati huo alisikia mambo mawili. Alisikia kengele ya baiskeli, mara mbili. Halafu alisikia sauti ya kitu kikiumuka, laini, kama unga unavyopumua chini ya kitambaa.

"Thelathini," anasema.

"Omera, ndugu yangu, thelathini?" Ogola anashika kichwa. "Mimi ni mtu wa watoto. Thelathini kabla hata sijaona karata mpya? Huu si mchezo, huu ni ushuru." Anasukuma vizibo thelathini.

Karata tatu za aina moja hushinda jozi mbili. Mtu mwenye nazo hubadilisha mbili, na wachezaji wote wanajua hilo. Khaemba anabaki na malkia watatu na ree, anabadilisha ile nne peke yake, kama mwenye jozi mbili. Anapata sita. Haimsaidii kitu. Ogola naye anabadilisha moja.

Sasa ni zamu ya Khaemba kusema. Ukumbi mzima unangoja. Hapo ndipo mwaka jana angenyamaza.

"Themanini."

"Themanini!" Ogola anageukia watu. "Mmesikia? Baba Selpha, hiyo ni bei ya ngege au ya ng'ombe?"

"Ya ngege. Ng'ombe hatujamleta."

Watu wanacheka. Ogola hacheki. Anatazama karata zake, anatazama uso wa Khaemba, ambao hauna kitu, kisha anaweka viganja vyote viwili nyuma ya vizibo vyake na kuvisukuma vyote katikati. Mia mbili hamsini na tisa. Kisha ananyamaza.

Khaemba atatakiwa kuongeza mia moja sabini na tisa. Akiongeza na kushindwa, atabaki na vizibo ishirini, na ishirini havimfikishi mtu popote. Akitupa karata, atabaki na mia moja tisini na tisa na matumaini ya siku nyingine, ila siku nyingine hazipo nyingi. Na Ogola amenyamaza. Ogola, ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa juu ya kreni, ananyamaza kwa muda unaotosha mtu kumimina chai na kukoroga sukari.

Khaemba hamtazami mkewe. Awuor naye ametazama ziwani. Khaemba anangoja tu, kama anavyongoja mezani, hatua tatu nyuma, kana kwamba hayupo.

Ni Ogola anayeshindwa kuvumilia kimya.

"Sasa unafikiria nini?" anasema. "Jiko lenyewe lina kutu mlangoni. Mguu mmoja umepinda. Hata oveni haifungi vizuri, nimejaribu. Tupa karata twende nyumbani."

Khaemba anainua kichwa polepole. Wanaomjua wanasema walimwona akitabasamu.

"Nafuata," anasema, na kuhesabu vizibo mia moja sabini na tisa, kumi kumi, bila haraka.

Ogola anafunua wafalme wawili, karata mbili za kumi na moja isiyo na kazi. Jozi mbili, tena jozi nzuri. Khaemba anafunua malkia watatu, mmoja mmoja, akiwapanga sawasawa kama vikombe.

Kisha Opiyo, kutoka nyuma ya ukumbi, anapiga kengele ya baiskeli mara moja.

"Nilikuwa na jozi mbili," Ogola anarudia, akimtazama Walubengo kana kwamba seremala amemdhulumu. "Yeye alibadilisha moja kama mimi. Ningefanya nini?"

"Ungelisifu jiko," anasema Awuor.

*

Khaemba hana mpango wa kucheza tena. Anasema poka imekwisha kumpa alichotaka. Ataoka mikate thelathini kwa siku kuanzia Januari, kisha ataona. Anataka rafu moja ukutani na dirisha linalofunguka upande wa ziwa, ili harufu itoke. Anasema amekuwa akiota dirisha hilo tangu sebule ilipokuwa na watu, usiku mmoja karibu na kisiwa cha Mfangano, alipokuwa ameshika sinia na hakuna aliyemhitaji. Bei ya mkate ataitaja mkewe.

"Mimi nitaoka," anasema. "Kutaja bei bado najifunza."

Kabla ya jua kutua siku hiyo, kila mmoja alikuwa amefanya lake. Ogola alishika pembe moja ya jiko na kulibeba hadi kwenye mkokoteni, akilalamika njia nzima kwamba ni zito. Opiyo alitangulia kwa baiskeli kuwafungulia njia. Walubengo aligundua kwamba jiko ni pana kuliko mlango wa chumba cha Dunga, akang'oa fremu kwa nyundo, na kuahidi kuleta nyingine Jumanne. Selpha alifungasha sukari ya mashindano, kilo kumi na mbili, akaipeleka kwa mwalimu wa chekechea.

Enos Khaemba alirudi bandarini, akavaa koti lake jeupe, na saa mbili usiku meli ilipong'oa nanga alikuwa amesimama ukutani, hatua tatu nyuma ya abiria wanne.

Lornah Awuor alibaki Dunga peke yake. Alilitazama jiko mahali pake. Lilikuwa limepita mchoro kwa shubiri moja kushoto na kulia, lakini kipande kimoja cha mstari wa chaki kilikuwa bado kinaonekana mbele ya mlango wa oveni. Alichukua ufagio, akakifagia.